Ninayo, Lakini Ina Kazi

Kwa hesabu za serikali, mwanafunzi wa chuo kikuu anayekopeshwa nchini Tanzania anahitaji shilingi 10,000 kwa siku ili ale na apate pa kulala. Kiwango hicho kilianza mwaka wa masomo 2022/23, baada ya kile cha 8,500 kudumu miaka kadhaa huku bei ya mchele na kodi ya chumba zikipanda bila kumngoja mtu. Lakini hakuna mwanafunzi anayepewa shilingi 10,000 kila kukicha. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu huzitoa kwa mikupuo, mara nyingi za siku 60 kwa pamoja. Hivyo kijana wa miaka 20, ambaye wiki iliyopita alitembea kwa miguu kutoka Ubungo hadi chuoni Mlimani kwa kukosa nauli, anaamka siku moja na shilingi 600,000 kwenye akaunti. Wenyewe wanaziita boom, na boom likiingia, habari huenea bwenini kabla ujumbe wa benki haujamfikia mhusika.

Majirani wa chuo wanaijua kalenda hiyo kuliko baadhi ya wahadhiri. Wauza chipsi huongeza kiroba cha viazi, wenye mitumba husogeza meza karibu na geti, na fundi simu aliyekuwa akisinzia hupata foleni. Wiki ya kwanza ni supu na chapati asubuhi, chipsi kuku jioni, na soda za kuwanywesha wenzako. Kufika wiki ya sita mambo yamegeuka, watu wanapiga pasi ndefu: mlo mmoja wa saa tisa alasiri unaotakiwa kuziba njaa ya mchana na ya usiku pia. Aliye nje ya geti akitazama hahitaji muda kutoa hukumu. Vijana hawana nidhamu, hawajui hesabu, waitiwe semina.

Semina zipo, na si mbaya. Soko la Hisa la Dar es Salaam limekuwa likiwaandalia wanafunzi wa vyuo mashindano ya uwekezaji tangu mwaka 2014. Mabenki hupiga mahema yao viwanjani kila wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaporipoti. Mfuko wa Umoja wa UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja ulioanza mwaka 2005, umewafundisha Watanzania wengi wa kipato cha kawaida kwamba kununua vipande si jambo la matajiri peke yao. Anayetaka kujua hisa, hatifungani au riba ni nini hatakosa wa kumweleza.

Ila kugawanya 600,000 kwa 60 hakuhitaji semina. Mwanafunzi wa uhandisi anayekokotoa uzito ambao nguzo ya daraja inaweza kuubeba hawezi kushindwa na hesabu ya darasa la nne. Akishindwa, basi kinachomshinda si hesabu. Fedha haiji peke yake. Inakuja na watu, na watu wanataka majibu. Ndiyo maana naamini kwamba elimu ya fedha kwa mwanafunzi wa kwetu huanzia kinywani: ni kujifunza kuwajibu watu kwa ukweli kuhusu ulicho nacho.

Vitabu na video za mambo ya fedha zinazozunguka kwenye simu za wanafunzi huwa na kanuni moja maarufu: nusu ya pato iende kwenye mahitaji, asilimia 30 kwenye yale ya kujifurahisha, na asilimia 20 kwenye akiba na madeni. Kanuni hiyo ilipata umaarufu kupitia kitabu cha mwaka 2005, All Your Worth, alichoandika Elizabeth Warren, mwanasheria aliyekuja kuwa seneta wa Marekani, pamoja na binti yake Amelia Warren Tyagi. Ni kanuni nzuri kwa waliolengwa: familia za Marekani zenye mishahara ya kila mwezi, mikopo ya nyumba na kadi za benki. Mwanafunzi wa Dodoma au Morogoro akiichukua anaweza kujaza mafungu yote matatu bila taabu. Taabu inaanza simu inapoita, na jina kwenye kioo ni Mama.

Mama haombi vya anasa. Atauliza kwanza umeamkaje, masomo yanaendaje, baridi ya huko vipi. Halafu atasema mdogo wako amefaulu kwenda kidato cha kwanza. Ada ya shule za sekondari za serikali iliondolewa tangu mwaka 2016, lakini sare hazikuondolewa, wala madaftari, wala nauli. "Ukiwa na chochote, mwanangu, utuangalie." Hakuna kiasi kilichotajwa, na hapo ndipo uzito wa ombi ulipo. Ameliacha kwenye utu wako likupime.

Baada yake atapiga mjomba, mwenye mgonjwa. Atafuata mwenzako wa chumba ambaye mkopo wake umechelewa, kisha kamati ya harusi ya binamu imekuingiza kwenye kundi la michango bila kukuuliza. Na wote hao wana haki fulani. Mjomba ndiye aliyekununulia begi ulipokwenda sekondari ya bweni. Mwenzako wa chumba alikubeba kitandani kwake muhula mzima ulipokosa nafasi hosteli. Ukiwaita mzigo utakuwa umekana jinsi ulivyofika hapo ulipo. Kwa hiyo anayewashauri vijana "wakate ndugu" ili waendelee anawapa ushauri rahisi usio na shukrani, na wengi hawataufuata. Wachache watakaoufuata watafanikiwa kifedha na kubaki wapweke.

Mbele ya simu hizo kijana huwa na majibu mawili aliyoyazoea. La kwanza ni "sina". Ni jibu fupi na halina mjadala. Ubaya wake ni kwamba kwa siku arobaini za mwanzo wa boom si la kweli, na anayelitoa anajua, na mara nyingi anayelisikia anajua pia, kwa sababu picha za chipsi kuku za juzi amekwisha kuziona kwenye simu ya mpwa wake. "Sina" ya uongo hulinda fedha kwa kuuza uaminifu. Ikirudiwa mara kadhaa, hata siku ambayo kweli huna, siku ya pasi ndefu yenyewe, hakuna atakayekuamini, na hapo ndipo unapomhitaji zaidi mtu wa kukuamini.

Jibu la pili ni "chukua". Unatuma yote inayoombwa, na ya kutolea juu. Siku hiyo moyo unafurahi, na ni furaha halali. Lakini baada ya mwezi mmoja mwenye nyumba anabisha mlango, na wewe unageuka kuwa mwombaji kwa watu walewale uliowasaidia, au unabonyeza namba za mkopo wa simu usiku wa manane. Fedha iliyokwenda kwa Mama kama zawadi inarudi kama deni lililobebwa na mtoto wake, tena bila yeye kujua. Naye angejua, asingeipokea.

Lipo jibu la tatu, na ndilo gumu: "Ninayo, lakini ina kazi." Ugumu wake ni kwamba linakuacha wazi. Unakiri kwamba fedha ipo, halafu unabaki umesimama mbele ya mtu bila kisingizio, ukitegemea kwamba sababu yako inatosha. Anayesema "sina" anajificha, anayesema "chukua" anajisalimisha, lakini huyu wa tatu anatazamana na mwenzake usoni.

Wengine watasema jibu hilo ni la kizungu, la ubinafsi, haliendani na malezi yetu. Sikubaliani. Tazama wazazi wa wengi wa wanafunzi hawa. Mkulima wa korosho wa Newala au wa kahawa wa Karagwe hajawahi kupata mshahara wa mwezi maishani mwake. Fedha yake inakuja kwa mkupuo, msimu mmoja, kisha kimya. Yeye ndiye bingwa wa boom, na amekuwa bingwa kabla mtoto wake hajazaliwa. Katika nyumba yake kuna kitu ambacho hata njaa ikibisha hodi hakiguswi, nacho ni mbegu. Jirani akija na debe mwezi wa njaa kuomba mahindi, akaambiwa "yale ni mbegu", haulizi mara ya pili wala haondoki na kinyongo. Hajaambiwa hakuna. Ameambiwa kipo, na kina kazi yake shambani. Kijiji kinalijua jibu la tatu tangu zamani. Aliyelisahau ni mtoto aliyekwenda mjini, akadhani fedha ya kwenye simu haina mbegu ndani yake.

Tofauti ni hii: mbegu huonekana. Imefungwa kwenye kona ya dari, ina moshi wa jiko, kila mtu anaijua. Fedha ya akaunti haina alama, shilingi ya kodi na shilingi ya soda zimefanana. Ndiyo sababu "ina kazi" haiwezi kuwa kweli mpaka kazi yenyewe iwe imeandikwa. Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari ninalolisema hapa halikusudiwi kurekodi matumizi tu; linampa mtu haki ya kusema jibu la tatu bila kudanganya. Asiye na mpango akisema "ina kazi", naye anadanganya, ila kwa adabu zaidi.

Tuchukue mfano wa 600,000 za siku 60 kwa mwanafunzi aliyepanga chumba na mwenzake jirani na chuo. Kodi, sehemu yake ni 60,000 kwa mwezi: 120,000. Chakula kwa 4,000 kwa siku, akipika na kula kwa mama ntilie kwa kuchanganya: 240,000. Nauli na bando: 60,000. Kutoa kopi na kuchapa kazi: 30,000. Dharura, maana malaria haipigi simu kabla: 50,000. Nyumbani: 60,000. Zinabaki 40,000 za kujifurahisha, ziwe za mpira, kusuka nywele au soda ya rafiki. Kwingine bei ni nyingine na mafungu yatabadilika, lakini kuna mambo mawili katika orodha hiyo ambayo ningeyatetea popote.

Moja ni zile 40,000. Mpango usio na nafasi ya furaha ni mpango wa mtu asiyejijua, na hufa wiki ya kwanza. Kijana anayejiahidi kwamba hatanunua soda kwa siku 60 anajidanganya mwenyewe kabla hajamdanganya mtu mwingine, na akianguka siku ya tisa atasema basi, liwalo na liwe. Kujipa kiasi kidogo na kukitumia kwa moyo mweupe ni uaminifu kwa nafsi.

La pili ni zile 60,000 za nyumbani. Zimeandikwa mapema, pamoja na kodi, badala ya kungoja kilichobaki. Hapo maana ya kutoa inabadilika. Anayetoa kwa kubanwa na simu hutoa akinuna, na baadaye huhesabu moyoni nani amekula chake. Anayetoa kwa mpango anaweza kupiga simu yeye kwanza, kabla ya kupigiwa: "Mama, fedha ya chuo imeingia. Ya kwenu ni hii. Iliyobaki ni ya kodi na kula mpaka mwisho wa mwezi ujao." Ni maneno machache, lakini yanamrudishia Mama heshima yake pia, kwa kuwa sasa halazimiki kuomba. Anajua kilichopo na anaweza kupanga sare zinunuliwe lini. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na moyo nao unaweza kuwa na daftari.

Suala la fedha ya msomi kuwa na kazi lina historia ndefu Mlimani. Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa chuo cha Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya utumishi wa Jeshi la Kujenga Taifa, likiwamo la kukatwa sehemu kubwa ya mshahara katika kipindi cha utumishi huo. Mwalimu Nyerere alikasirika, akawafukuza karibu wanafunzi 400, na hapohapo akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mtu anaweza kubishana mpaka leo kama adhabu ile ilikuwa ya haki. Lakini swali lililokuwa katikati ya ugomvi ule halijazeeka: fedha inayomsomesha mtu ni ya nani?

Nyerere huyo alipata kumfananisha msomi na mtu ambaye kijiji chenye njaa kimempa chakula chote kilichosalia, ili apate nguvu ya kwenda mbali na kuleta chakula kwa ajili ya wote. Akila akanenepa asirudi, ni msaliti. Mfano huo tumeuzoea kama onyo kwa mbinafsi, na unastahili. Lakini upo upande wake wa pili ambao hatuutaji. Tuseme mtu yule ni mpole, na kila anayekutana naye njiani akamwomba kidogo, naye akampa. Kufika mto wa kwanza mfuko umekwisha, naye anakaa chini. Huyu hajala cha mtu, ana sifa nzuri njia nzima, ila kijiji bado kina njaa, na chakula cha mwisho kimetoweka. Utu wake umewafikia aliokutana nao njiani, haukuwafikia waliomtuma. Kusema "ninayo, lakini ina kazi" ndiyo namna ya mtu mpole kufika.

Kwa mwanafunzi wa leo, waliomtuma wameongezeka. Enzi za Nyerere chuo kilikuwa bure na mdai alikuwa taifa, kwa maana ya jumla. Kisha miaka ya 1990 ikaja na uchangiaji wa gharama, na sheria ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka uliofuata. Sasa deni lina namba. Aliyekopa akishahitimu hupewa miezi 24, kisha hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Kabla ya marekebisho ya mwaka 2016 ilikuwa asilimia 8. Fanya hesabu ya posho peke yake. Kwa siku 240 za mwaka, shilingi 10,000 kwa siku ni 2,400,000. Kwa shahada ya miaka mitatu ni 7,200,000. Mwenye mshahara wa 900,000 atakatwa 135,000 kila mwezi. Itamchukua karibu miaka minne na nusu kumaliza chakula na malazi, bila kugusa ada. Supu ya wiki ya kwanza ya boom italipwa na mtu mzima mwenye watoto.

Nisieleweke kwamba mkopo huu ni wa kutisha. Tangu mwaka 2021, tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha na adhabu ya asilimia 10 ya kuchelewa ziliondolewa, na kwa hiyo ni vigumu kupata mkopo mpole kuliko huu mahali pengine nchini. Na marejesho hayapotei, yanakopeshwa kwa waliofuata. Anayelipa anamsomesha mdogo asiyemfahamu, pengine wa kijiji jirani na chake. Deni la namna hiyo kulikimbia ni kumfungia mtu mlango ulioupita wewe. Lakini ili kulipenda, lazima ulione mapema, tangu siku fedha inapoingia. Fedha ile imetoka mfukoni mwa mtu unayemjua vizuri, nawe hujakutana naye bado. Ni wewe wa miaka kumi ijayo.

Wapo wanaofaidika na vijana wasiolijua jibu la tatu, na wanajua pa kuwapata. Wengine wanauza haraka: mkeka wa kubeti wa shilingi 1,000 unaoahidi kuzaa kodi ya muhula, na unaochanika dakika ya tisini. Wengine wanauza siri. Mkopo wa simu hukuepusha na aibu ya kumwambia mwenzako kwamba umeishiwa, halafu riba inafanya kazi usiku na mchana. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila idhini. Mitaani mikopo ya aina hiyo ilikwisha kupewa jina lake, kausha damu. Na wengine wanauza udugu. Wanaokumbuka DECI, mpango wa upatu uliozuiwa na serikali mwaka 2009, wanakumbuka pia lugha yake: watu walialikwa "kupanda mbegu" na kuvuna zaidi ya walichopanda. Ujanja wote ulikuwa hapo. Walichukua kitu ambacho kijiji kinakiheshimu kuliko vyote, wakakitumia kuondoa maswali. Mbegu ya kweli mwenye nayo anaweza kukueleza itapandwa wapi, itaota lini na mvua ikikosekana itakuwaje. Asiyeweza kukueleza fedha yako inakwenda kufanya kazi gani, mwambie hivyohivyo: ninayo, lakini ina kazi nyingine.

Tabia hii haijengwi peke yako. Wanafunzi wenyewe wamekwisha kuvumbua shule zake, ingawa hawaziiti hivyo. Kwenye vyumba vya kupanga vya Changanyikeni na Makongo utawakuta wanne wenye mtungi mmoja wa gesi, wanaonunua mchele, maharage na mafuta kwa pamoja siku ya boom, kisha wanapika kwa zamu. Chakula kilichokwisha kununuliwa hakikopeki, na hakuna anayeuza maharage ili abeti. Wengine hucheza mchezo: kila mmoja anampa kijumbe, msimamizi wa mchezo, kiasi kilekile, na kila awamu mmoja anapokea. Kwa anayetazama faida, mchezo hauna hata senti moja ya riba. Faida yake ni kwamba fedha yako inapata mashahidi. Ukiombwa, unaweza kusema "kesho ni siku ya mchezo", na kila mtu anaelewa uzito wa neno hilo, kwa sababu ukivunja, wapo wenye majina watakaoumia. Watu hao wanakusaidia kuwa mkweli.

Hata hivyo, kuna mpaka ambao tafakari ya namna hii isiuvuke. Si haki kumhubiria daftari mtu ambaye mapato na mahitaji yake hayakutani hata kwa mpango bora. Wapo waliopata mkopo wa sehemu tu, na wapo wasiopata kabisa, ambao muhula wao umesimama juu ya mbuzi wawili na ahadi ya shangazi. Wapo wanaofika Dar es Salaam na kukuta mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita kabla hata fedha ya kwanza haijaingia. Wakipiga pasi ndefu, si kwa uzembe, na uadilifu wa mwanafunzi hauwezi kuchukua nafasi ya posho inayokidhi, hosteli za kutosha na malipo yanayofika kwa wakati. Kwa watu hawa jibu la tatu lina sura nyingine, ngumu vilevile. Ni kusema "sina" ambayo ni ya kweli, kwa sauti, mapema, kwa mshauri wa wanafunzi, kwa viongozi wa dini, kwa wenzako wa chumba, kabla njaa haijafika kwenye mtihani. Aibu ya kukiri kukosa na aibu ya kukiri kuwa nacho zina mzizi mmoja, kuogopa kuonekana kama ulivyo.

Mwishowe, chuo kinaisha. Anayepata kazi atagundua kwamba simu zile hazikuwa za chuo, zilikuwa mazoezi. Mshahara wa kwanza hupigiwa nyingi zaidi, na mwenye cheo hupigiwa mara kumi. Kisha siku moja fedha iliyo mbele yake haitakuwa yake hata kidogo. Itakuwa ya shule anayoiongoza, ya zahanati, ya halmashauri, masurufu ya safari ya kikazi yaliyokaa kwenye akaunti yake kwa wiki mbili. Mjomba atapiga, na mgonjwa wake atakuwa mgonjwa kweli. Wengi wanaotajwa kwenye ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali si majambazi wa kuzaliwa. Nadhani baadhi yao ni watu wapole ambao hawakuwahi, hata siku moja, kumwambia ndugu kwamba fedha ipo na haiwezi kutolewa.

Ndiyo maana sioni boom kama jambo dogo la chipsi na soda. Laki sita ni kiasi ambacho mtu anaweza kukosea nacho na bado akasimama. Akijifunza nacho kuandika kazi ya kila shilingi, kutoa bila kunung'unika, kukataa bila kudanganya na kulipa anachodaiwa, atakuwa amejifunza jambo ambalo halimo kwenye mtaala wa shahada yoyote, na ambalo nchi itamdai kila siku ya utumishi wake. Na nyumbani nao watakuwa wamejifunza pamoja naye. Familia iliyozoea kuambiwa ukweli na mtoto wake akiwa na miaka 20 haitashangaa wala kumlaani akiwa na miaka 45, mkurugenzi, akiwaambia kwamba ile iliyoko ofisini ina wenyewe.